Kila Kitu Kimo

Mama Karai hakuwa mtu wa kuambiwa. Ukitaka kumwona anavyokunja uso, simama karibu na moto wake umwambie soya imeshaiva. Angekupandisha na kukushusha kwa macho, kisha angeendelea kuigeuza kwa mwiko wake mrefu kana kwamba hukusema kitu. Kwake yeye soya ilikuwa haijaiva mpaka ipite rangi ya dhahabu, ipite kahawia, ifike pale ganda linapopasuka na moshi unapoanza kuwasha macho. Hapo ndipo alipoinama, akavuta harufu kwa pua zote mbili, akasema, "Haya, sasa ndiyo soya."

Jina alilipata kutokana na lile karai lake pana, lililokaa juu ya mafiga nyuma ya nyumba. Zamani, alipoanza biashara ya unga wa lishe, alikuwa akikaanga kidogo tu, kama alivyofundishwa. Wateja walibetua midomo. Walisema unga unanuka maharage mabichi na watoto wanautema. Basi akazidisha moto. Harufu ikawa tamu, watoto wakanywa uji mpaka wakalamba vikombe, na kadiri alivyozidisha moto ndivyo wateja walivyozidi kuja. Walijitokeza wengine mtaani wakajaribu kuuza unga kama wake, wakaambulia patupu, kwa sababu wa kwao ulikuwa mweupe na haukunukia. Wa Mama Karai ulikuwa na rangi ya udongo uliolowa, na ukiuinjika jikoni hata jirani wa mbali alijua. Sifa zikampanda kichwani, zikakaa huko na kufunga mlango.

"Mahindi, mtama, soya na karanga kidogo," aliwaambia kina mama waliokuja na vyombo vyao. "Kila kitu kimo. Mtoto hahitaji kingine."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuja kumtokea puani.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye alishona mashati katika kiwanda cha nguo kwenye mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Binti naye alikuwa na mtoto mmoja, mvulana. Mwanamume aliyehusika aliingia mitini kabla mtoto hajaota jino. Kiwandani hawakutaka mtu mwenye mtoto mgongoni, kwa hiyo binti alimwachisha ziwa mapema, akamleta kwa mama yake, akalia njia nzima ya kurudi.

"Mama, mpe na mayai," alisema siku ile anaondoka. "Mpe maharage, dagaa, maziwa yakipatikana. Asile uji tu."

"Unanifundisha kulea? Wewe mwenyewe ulilelewa na nani?"

"Sijakufundisha, mama. Nimesema tu."

"Basi umeshasema. Nenda, gari litakuacha."

Wala hakuwa bibi mbaya, tusimsingizie. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Alimwita mume wangu, alimwogesha kwa maji ya vuguvugu, alimlaza kifuani kwake. Ila kumpa yai ilikuwa ni sawa na kukiri mbele ya mtaa kwamba unga wake una upungufu. Watu wangesemaje? Mwenye unga wenyewe anamlisha mjukuu wake mayai! Kwa hiyo mtoto alikunywa uji asubuhi, mchana akanywa uji mzito zaidi, na jioni uji tena, wenye sukari na wenye kunukia.

Mtoto akaanza kunenepa. Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo, miguu ikawa minene na inang'aa, viatu vikambana. Majirani wakambandika jina, Kibonge, na bibi akalipokea jina hilo kama tuzo. Alimtoa nje kila asubuhi akamkalisha kwenye kigoda karibu na karai, wateja wamwone. Aliyemsifu kuliko wote ni muuza mkaa, mwanamke kijana aliyekuja kila wiki na magunia yake kwenye mkokoteni, na kibinti chake mgongoni.

"Jamani, mama, huyu mtoto kachanua!" alisema muuza mkaa. "Na mimi wangu nitamlea hivihivi. Nikate hayo mambo mengine yote, nimpe huu tu?"

"Mpe huu tu," alijibu Mama Karai. "Utakuja kunishukuru."

Dalili zilikuwepo, lakini kila moja aliipatia jibu. Nywele za mtoto zikawa nyembamba na nyekundunyekundu. Mama Karai akasema amerithi nywele za babu yake, ingawa mtaa mzima ulijua kwamba babu alikufa na upara wake. Ngozi ya mapajani ikaanza kubabuka, akaipaka mafuta. Mtoto akaacha kukimbiza kuku, akaacha kucheka, akawa anakaa pale alipokalishwa mpaka aje kuondolewa. "Mume wangu mpole," alisema bibi. "Watoto wa watu wanachosha, wangu ametulia." Halafu mtoto akaanza kuukataa uji. Anashika kikombe, analamba kidogo, anageuza uso. Hapo bibi aliingiwa na wasiwasi kweli. Akafanya lile alilolijua. Alirudi kwenye karai, akakoleza moto, akakaanga soya ya mjukuu wake peke yake, nyeusi kuliko hata ile ya wateja, ili harufu imvutie.

Binti alipopata likizo alikuja bila kutoa taarifa, akitaka kuwafurahisha. Alileta shati dogo alilolishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kiwandani. Alimkuta mtoto kwenye kigoda, akadondosha mkoba, akapiga magoti na kufungua mikono. Mtoto hakuja. Hakulia kama watoto wanavyowalilia watu wageni, wala hakumficha uso. Alimtazama tu, kisha akatazama pembeni.

"Mama, huyu amekuwaje?"

"Amekuwaje? Amenenepa, huoni?"

Binti alimvua fulana ili amvalishe shati. Tumbo lilikuwa kubwa, uso umejaa, lakini mikono ilikuwa vijiti. Mabega yalichomoza. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na alipoondoa kidole shimo lilibaki palepale, kama unavyobonyeza donge la unga. Alibonyeza tena mahali pengine. Mama Karai alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akilitazama lile shimo.

"Anakula nini, mama?"

"Anakula unga wangu."

"Na nini kingine?"

Mama Karai akageukia moto. Binti hakungoja jibu. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka mbio kutafuta usafiri, na mama yake akamfuata nyuma akiwa amebeba kapu, na ndani ya kapu, kwa kuwa hakujua kutoka nyumbani bila huo, kulikuwa na mfuko wa unga.

Wodi ya watoto ilikuwa ndefu, yenye vitanda vya chuma vilivyochubuka rangi na madirisha yaliyokaa juu sana. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimpima mtoto, akamkagua miguu na mdomo, akashika nywele kidogo tu na nywele zikabaki vidoleni mwake.

"Ni utapiamlo," alisema.

Mama Karai aliwaka. "Utapiamlo? Nyumbani kwangu? Wewe nesi, unanijua mimi? Mimi ndiye ninayelisha mtaa mzima! Tazama mashavu hayo. Mtoto mwenye njaa ana mashavu hayo?"

"Hayo ni maji, mama," nesi alisema. "Si nyama. Amevimba."

Kesho yake akaja mtaalamu wa lishe. Walimtarajia mtu wa makamo mwenye miwani. Akaja msichana mdogo wa mwili, amevaa viatu vya turubai, akamwamkia Mama Karai shikamoo kwa heshima zote na kuketi ukingoni mwa kitanda. Aliuliza mtoto analishwa nini, akaambiwa. Akauliza kama anaweza kuuona huo unga. Mama Karai aliuchomoa kapuni haraka mno, kama mtu aliyekuwa akingoja siku hiyo. Dada wa lishe akamimina kidogo kwenye kiganja, akanusa.

"Unanukia vizuri sana."

"Si nilisema?" Mama Karai alimgeukia binti yake, uso umemnawiri kidogo. "Hata wasomi wanakiri."

"Soya unaikaanga mpaka wapi, mama?"

Basi akaeleza, na alieleza kwa mapenzi. Alieleza rangi inavyopita dhahabu na kahawia, ganda linavyopasuka, moshi unavyowasha macho. Alieleza ya wateja, halafu akasema kwamba ya mjukuu wake aliizidishia moto. Dada wa lishe alikuwa ameacha kutazama unga, anamtazama yeye, na Mama Karai aliposhtukia kwamba haandamwi tena na maswali, sauti yake ikapungua yenyewe.

"Mama," dada alisema, "mwili unajengwa kwa protini, na protini imeundwa kwa vitu vidogo vinavyoitwa amino asidi. Nyingine mwili unajitengenezea. Lakini kuna tisa ambazo hauwezi kuzitengeneza hata kidogo. Lazima ziingie kwa mdomo, kila siku, na zote. Ikipungua moja, hizo nyingine haziwezi kufanya kazi yake."

Binti, ambaye tangu walipofika alikuwa hajafungua kinywa kwa mama yake, alisema polepole, "Kama kiwandani vifungo vikiisha. Kola zipo, mikono ipo, kitambaa kipo. Lakini hakuna shati linalotoka."

"Hivyohivyo, dada yangu. Sasa kifungo kinachopungua kwenye mahindi kinaitwa laisini. Mtama nao hauna ya kutosha, karanga vilevile. Kwenye huu mchanganyiko, soya ndiyo inayoileta. Ndiyo kazi yake humu." Alisita, akitafuta namna ya kulisema bila kuumiza, na hakuipata. "Laisini haivumilii moto mkali, mama. Ukikaanga mpaka ikawa nyeusi, inashikana na sukari iliyomo ndani ya soya yenyewe. Ile rangi na ile harufu ndiyo huko kushikana. Ukishafika hapo, mwili hauwezi kuichukua tena."

"Sasa niuze soya mbichi?" Mama Karai alisema. "Mbichi inaharibu tumbo, mimi najua!"

"Ni kweli, mbichi haifai. Lakini ikifika dhahabu inatosha. Na tusiutupie unga lawama zote. Angekula na yai, na maharage, na dagaa, angepata laisini huko na huu usingemdhuru. Tatizo ni kwamba alikula huu peke yake."

Mama Karai aliangalia mikono yake. Ilikuwa na makovu madogo ya cheche, na harufu ya kazi iliyokuwa imeganda kwenye ngozi.

"Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nampa nini?"

"Ulikuwa unamshibisha," dada wa lishe alisema, na akashika mkono wake mmoja.

Hospitali walimpa mtoto maziwa maalumu, kidogokidogo, kwa kikombe. Aliyakataa kwa nesi, akayakataa kwa mama yake, ambaye alikuwa amekuwa mgeni kwake. Aliyakubali kwa bibi tu. Hilo lilimuuma binti kuliko yote, lakini alimeza uchungu, akasogea pembeni na kumpisha mama yake. Mama Karai alimlisha akiwa amepiga magoti sakafuni, tone kwa tone, akimbembeleza. "Mume wangu, kunywa. Ukipona nitakukaangia mayai mpaka uyachukie. Nitachinja kuku wote. Kunywa, baba."

Alikunywa, na uvimbe wa miguu ukaanza kuteremka, na chini ya uvimbe ule wakaona jinsi alivyokuwa mdogo kweli. Ngozi ilibaki imelegea kwenye mifupa. Halafu homa ikamwingia kifuani. Nesi aliwaambia kwamba mtoto wa namna hii hana akiba ya kupigana na kitu chochote, hata mafua. Walimpa dawa, wakamfunika, wakamsogeza mbali na dirisha. Asubuhi moja Mama Karai alimwekea kikombe mdomoni na maziwa yakatoka pembeni, yakateremka shingoni. Akayafuta kwa khanga, akamwekea tena kikombe, yakatoka tena. Akaendelea kufuta na kumwekea kikombe mpaka nesi alipokuja akamshika mabega.

Walimzika na shati lake.

Nyumba ya Mama Karai ikajaa watu. Kina mama wa mtaa walichukua jiko, wakapanga viti vya kuazima, wakafagia ua na kulitundika karai ukutani ili lisiwe njiani. Yeye alikaa kwenye mkeka, hajaoga, hajala, anaitikia pole za watu kwa kichwa. Binti alikaa upande wa pili wa ua. Hawakuwa wamezungumza tangu wodini. Mtaa ulijua tu kwamba Kibonge alishikwa na homa ghafla. Ya unga watu watatu ndio walioyajua, na mmoja wao, dada wa lishe, alikuwa hospitali akiendelea na kazi yake.

Ndipo ile harufu ikamfikia. Alidhani ni akili yake. Akainua kichwa, akaona sufuria kubwa mafigani na mwanamke anayekoroga, na watoto waliokuja na mama zao wamepanga foleni na vikombe.

"Tumechukua unga wako stoo, mama, utusamehe," alisema yule anayekoroga. "Tumeona watoto wanywe uji wa Kibonge. Ndiyo kumkumbuka."

Muuza mkaa alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amempakata binti yake, anampulizia uji kwenye kijiko. Mtoto alikuwa na uso wa mviringo, umejaa, na miguu iliyoning'inia mapajani mwa mama yake ilikuwa minene na inang'aa. Hakuwa akitazama kijiko wala watu. "Kunywa, mwanangu," mama yake alimwambia. "Huyu hajui chakula kingine," akawaeleza wenzake kwa fahari. "Nilimfuata Mama Karai."

Mama Karai akainuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akajishikilia ukutani.

"Msiwape," alisema.

Walimgeukia.

"Huo unga haufai. Niliuunguza. Hauna kitu ndani. Mjukuu wangu amekufa kwa sababu nilimpa huo tu. Wewe, mwenye mkaa, huyo mtoto hajanenepa, amevimba! Mpeleke hospitali leo. Mnanisikia? Nimemuua mimi!"

Kukawa na huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Wanawake wawili wakamzunguka, wakamshika kiuno. Usiseme hivyo, mama. Mungu ndiye apangaye. Ni uchungu huo unaongea, unga wako sisi sote tumelelea watoto wetu. Muuza mkaa alikuwa analia kwa kumwonea huruma, na huku analia anamlisha mtoto.

Mama Karai akamtafuta binti yake kwa macho. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alikuwepo wodini, alisikia kila kitu kwa masikio yake. Binti alimtazama, kisha akawageukia wale wanawake.

"Mama amechoka," alisema. "Mpelekeni ndani akapumzike."

Wakampeleka. Walimlaza kitandani, wakarudisha mlango, na baada ya muda binti akaingia na glasi ya maji. Alisimama katikati ya chumba, hakumpa.

"Kwa nini umeficha?" Mama Karai aliuliza.

"Ulitaka niseme nini? Nisimame mbele za watu niseme mama yangu ndiye?" Sauti ilimkatika. "Watakutenga, mama. Hakuna atakayekusalimia. Mimi nina hasira na wewe mpaka nashindwa kupumua, lakini sina mwingine. Nimebaki na wewe tu."

"Na yule mtoto wa mwenye mkaa?"

Binti aliitazama ile glasi mkononi mwake.

"Umeona miguu yake. Usiniambie hukuiona."

Binti aliweka glasi chini kwa uangalifu, kama vile ingeweza kuvunjika kwa kuguswa tu. Akajifuta uso kwa pindo la khanga, akatoka, na hakufunga mlango. Mama Karai alimsikia akipita katikati ya viti. Alimsikia akimwambia anayekoroga aache. Kisha alisikia sauti ya mwanawe, ileile aliyoifundisha kusema maneno yake ya kwanza katika nyumba hii, ikipanda juu ya sauti za ua mzima.

"Mama yangu hajachanganyikiwa. Alichowaambia ni kweli. Ni yeye, na ni unga wake."

Alikuwa ameyataka maneno hayo yasemwe. Aliyasema yeye mwenyewe muda mfupi uliopita, tena kwa ukali zaidi. Lakini yalipotoka kwenye kinywa cha binti yake yalimwingia kana kwamba ndiyo kwanza anapewa habari. Akauma shuka ili asipige ukelele. Halafu huko nje mtoto mmoja akaanza kulia, kwa sababu mama yake alikuwa amemnyang'anya kijiko.